Uchaguzi wa naibu gavana wa New York, 1846 na 1847: tathmini ya hifadhi ya magazeti ya Chronicling America kwa msomaji wa Dodoma

Chronicling America ni hifadhi ya magazeti ya kale ya Marekani inayoendeshwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, Library of Congress, kwa ushirikiano na National Endowment for the Humanities, mfuko wa serikali unaogharimia taaluma za historia, lugha na utamaduni. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na leo ina zaidi ya kurasa milioni 20 zilizopigwa picha, ambazo mtu yeyote mwenye simu au kompyuta anaweza kuzisoma bila kulipa, bila kujisajili na bila kuomba barua ya utambulisho kwa mkubwa yeyote. Ninaitathmini hapa kwa kazi moja mahususi, nayo ni kufuatilia uchaguzi wa naibu gavana wa jimbo la New York wa Novemba 1846, pamoja na ule wa kujaza nafasi hiyohiyo uliofanyika Novemba 1847. Nimechagua uchaguzi huo kwa sababu uliamuliwa na mikataba ya ardhi, na wakazi wa Dodoma tunaijua mikataba ya ardhi kuliko tunavyojua mambo mengi mengine ya utawala.

Kwa wasiokaa hapa, maelezo mafupi yanatosha. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tuliizoea kwa jina la CDA, iliundwa mwaka 1973 baada ya TANU kuamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyopima viwanja na kutoa hati mjini hapa. Hati hizo zilikuwa za miaka 33. Mtu wa Area C, Nkuhungu au Kikuyu alijenga nyumba ya kudumu juu ya karatasi ambayo ingemaliza muda wake kabla tofali halijaanza kuchakaa. Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, akaelekeza shughuli zake zihamie Manispaa ya Dodoma na hati zibadilishwe ziwe za miaka 99. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi na bahasha ya kaki mapajani, ndani yake mna ramani ya kiwanja, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na nakala ya kitambulisho, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanaweza kuamua kura yao kwa kuangalia mkataba wa ardhi peke yake.

Wakulima wa bonde la mto Hudson walikuwa na mikataba migumu zaidi ya hiyo yetu. Ardhi ya ukoo wa Van Rensselaer, iliyoitwa Rensselaerswyck, ilitapakaa pande zote mbili za mto katika wilaya za Albany na Rensselaer, na maelfu ya kaya zililima humo kwa mikataba iliyorithiwa kizazi hadi kizazi bila shamba kuwa mali yao hata siku moja. Pango lililipwa kwa mazao na kwa jasho. Kwa kawaida mkulima alitoa kila mwaka busheli 10 hadi 14 za ngano kwa ekari 100, kuku wanne walionona, na siku moja ya kazi ambayo mpangaji aliifanya kwa wanyama wake na mkokoteni wake mwenyewe. Aliyetaka kuuza haki yake katika shamba, hata kama msitu aliufyeka baba yake na ghala alilijenga yeye, alilazimika katika mikataba mingi kumkabidhi mwenye ardhi robo ya bei. Stephen Van Rensselaer wa Tatu, aliyekuwa mpole katika kudai, alifariki Januari 1839; warithi wake wakaanza kufuatilia malimbikizo yote aliyoyaacha yalundikane, na wapangaji wa milima ya Helderberg wakakataa kulipa.

Mgomo huo ulienea wilaya baada ya wilaya. Vijana walivaa magauni ya kaliko na vinyago, wakajiita Wahindi Wekundu, wakapuliza baragumu za bati zinazotumiwa kuwaita wakulima chakula cha mchana, na wakawazuia maofisa wa mahakama wasikamate mifugo ya wadaiwa. Tarehe 7 Agosti 1845 Osman Steele, msaidizi wa ofisa mtekelezaji wa amri za mahakama wa wilaya ya Delaware, aliuawa kwa risasi huko Andes, mji mdogo wa wilaya hiyo, alipokwenda kusimamia mnada wa mali ya mpangaji, na Gavana Silas Wright akaitangaza wilaya hiyo kuwa katika hali ya uasi. Watu wawili walihukumiwa kunyongwa. Wright aliibadili adhabu yao kuwa kifungo cha maisha, jambo ambalo halikuwaridhisha wenye ardhi wala wapangaji.

Hapo ndipo kura ya naibu gavana inapopata uzito wake. Kwetu Tanzania, tangu uchaguzi wa 1995, Makamu wa Rais ni mgombea mwenza, kura moja inawachagua wote wawili, na Kenya imefuata utaratibu kama huo kwa magavana na manaibu wao wa kaunti. New York ya 1846 haikuwa hivyo. Vyama viliteua wagombea kwa jozi, lakini mpiga kura alikuwa huru kumchukua gavana wa chama kimoja na naibu wa chama kingine. Wademokrasia walimsimamisha tena Wright pamoja na Addison Gardiner, aliyekuwa naibu gavana tangu Januari 1845. Whig, chama kikubwa cha upinzani cha siku hizo, kikamsimamisha John Young pamoja na Hamilton Fish. Wapangaji walikuwa wamejipanga. Kwa kiti cha ugavana walimuunga mkono Young, aliyeonyesha huruma kwa wafungwa wao, na kwa kiti cha naibu walimuunga mkono Gardiner wa upande wa pili, kwa sababu Fish, mtu wa ukoo tajiri na mzao wa Peter Stuyvesant aliyeitawala koloni hiyo enzi za Waholanzi, alikuwa ameipinga harakati yao waziwazi. Young alimshinda Wright kwa zaidi ya kura 11,000. Fish, aliyekuwa kwenye orodha moja na Young, akaanguka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya historia vya shuleni, pale vinapogusa siasa za Marekani za karne ya 19, huishia kwa marais. Naibu gavana huonekana kama mtu wa kukata utepe. Katika New York aliongoza vikao vya Seneti ya jimbo na alikuwa na kura ya uamuzi pale kura zilipofungana, na aliposhinda mtu wa chama tofauti na gavana, serikali nzima ilibeba alama ya kundi lililoleta tofauti hiyo. Wapangaji hawakuwa wengi kiasi cha kuunda serikali yao. Walikuwa wengi kiasi cha kuchagua nani aanguke, na kura ya nafasi ya pili ndiyo inayoonyesha kwa uwazi kwamba walifanya hivyo kwa makusudi. Kama wangekuwa wamechoshwa na Wright tu, Fish naye angepita pamoja na Young.

Sasa nirudi kwenye huduma yenyewe. Kwa kipindi hiki hazina yake kubwa ni New-York Daily Tribune, gazeti la Horace Greeley, na New York Herald la James Gordon Bennett. Greeley alikuwa Whig na aliwahurumia wapangaji. Bennett hakuwa na deni kwa chama chochote na aliandika kwa ukali juu ya kila mtu. Kusoma magazeti hayo mawili sambamba, siku kwa siku, kunafundisha jambo ambalo muhtasari wa kitabu hauwezi kulifundisha, yaani jinsi matokeo yalivyofika. Mwaka 1846 ndio waya wa simu ya maandishi ulipounganisha jiji la New York na Albany na Buffalo, kwa hiyo msomaji anakutana na zama mbili katika ukurasa mmoja: habari za kaskazini zilizokuja kwa waya na habari za vijijini zilizokuja kwa barua, kwa boti za mtoni na kwa kunakiliwa kutoka gazeti jingine. Matokeo yalichapwa wilaya kwa wilaya, mara nyingi si kwa jumla ya kura za kila mgombea bali kwa tofauti aliyoshinda nayo, na mbio za gavana zilitangulia huku za naibu zikichelewa. Anayetaka kuona mgawanyiko wa kura za wapangaji hana budi kusubiri, ukurasa baada ya ukurasa, hadi safu ya pili ya jedwali ianze kujaa.

Ukurasa wenyewe unastahili kuelezwa. Ni mkubwa, una safu nyembamba zilizosongamana kutoka juu hadi chini, herufi ndogo, na hauna picha wala vichwa vya habari vya kuvuta macho. Tangazo la kitambaa linakaa jirani na ratiba ya meli, na hotuba ya mkutano wa chama inaanza bila onyo pale bei za ngano zinapoishia. Juu ya safu ya mhariri, kwa desturi ya magazeti ya vyama ya wakati ule, huchapwa orodha ya wagombea ambao gazeti linawaunga mkono, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua gazeti unalolisoma limesimama upande gani kabla hujaamini lolote linalosema. Namshauri kila msomaji mpya aangalie orodha hiyo kwanza.

Utafutaji ni mzuri ukitumiwa kwa akili. Mtu anaweza kubana kwa jimbo, kwa jina la gazeti na kwa tarehe, na maneno aliyoyatafuta huonekana yametiwa rangi juu ya picha ya ukurasa, hivyo jicho halipotei katika bahari ile ya herufi. Ila maandishi yanayotafutwa yamesomwa na mashine kutoka kwenye picha, na picha nyingi zimetokana na mikrofilamu za zamani. Pale wino ulipofifia au karatasi ilipokunjamana, mashine yoyote husoma herufi moja badala ya nyingine. Jina fupi kama Fish ni balaa la aina yake, kwa kuwa linaleta matangazo yote ya samaki wa chumvi waliouzwa bandarini. Njia inayofaa ni kuweka Hamilton mbele yake, au kutafuta Gardiner na Young pamoja katika ukurasa mmoja, au kutumia kifupi cha cheo kilichopendwa na wachapaji wa siku hizo, Lieut. Gov., kwa sababu cheo kizima hakikuandikwa mara nyingi kwenye majedwali. Anayetafuta mara moja na kuondoka kwa kuwa hakupata kitu hajaitendea haki huduma hii. Afungue toleo la siku husika na kulipitia kwa macho.

Kwa upande wa gharama, huduma ni ya bure lakini bando si la bure, na hili linatuhusu sisi wa huku kuliko wasomaji wa Washington. Kila ukurasa unapatikana kwa namna kadhaa: maandishi matupu yaliyosomwa na mashine, picha ya kutazama mtandaoni, faili la PDF, na picha ya ubora wa juu kabisa ambayo ni nzito mno. Kwa mtu anayetegemea simu, mpangilio wenye nafuu ni kuanza na maandishi matupu, kuhakikisha kuwa habari anayoitaka imo, kisha ndipo afungue picha ya ukurasa huo mmoja. Wanafunzi wenye intaneti ya chuo hawana shida hiyo, na ningewashauri wapakue mafaili ya mwezi mzima wakiwa chuoni, wakasome nyumbani taratibu.

Kuchapisha ni suala jingine. Ukurasa wa gazeti la 1846 ukiingizwa kwenye karatasi ya A4 hubaki ukungu mweusi. Niliona katika steshenari moja mjini, karibu na Nyerere Square, kijana wa kompyuta akijaribu kwa uvumilivu mkubwa kuongeza mwanga na kupunguza wino hadi akakata tamaa, na kosa halikuwa lake, kwa sababu safu zote zile haziwezi kuenea kwenye karatasi ya barua. Dawa yake ni kukata kipande: huduma ina kifaa cha kuchagua sehemu ya ukurasa, mathalani safu moja yenye jedwali la kura, na kuhifadhi sehemu hiyo tu. Kipande hicho kikichapishwa peke yake husomeka vizuri, tena jina la gazeti na tarehe ziandikwe kwa kalamu pembeni palepale, maana kipande kisicho na tarehe hakimsaidii mtafiti.

Vipande vya namna hiyo nilimwonyesha mzee mmoja wa mtaani kwetu Chang'ombe, ambaye bado ameitunza hati yake ya miaka 33 katika sanduku la bati pamoja na ile mpya. Tuliamkiana, nikamfafanulia habari ya ngano, kuku na siku ya kazi. Akauliza, "Mwalimu, hao kuku wanne walipewa serikali au walipewa mtu?" Nikamjibu, "Walipewa mtu, mzee wangu, na baada yake mwanawe." Akaangalia karatasi kwa muda, kisha akasema, "Basi hiyo haikuwa kodi. Hilo ni deni la kuzaliwa nalo." Sijapata ufafanuzi bora wa mikataba ile katika kazi za wasomi nilizosoma, na unatoka kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Rensselaerswyck kabla ya asubuhi hiyo. Ndiyo maana naamini huduma hii haipaswi kuachwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu peke yao. Mwalimu wa historia au uraia wa sekondari akileta darasani jedwali moja tu la kura na masharti ya mkataba mmoja wa ardhi, darasa la Dodoma litajua la kuuliza.

Upungufu mkubwa zaidi wa hazina hii kwa somo letu hautokani na mashine. Tribune na Herald ni magazeti ya jiji. Wakulima wa milimani wanaonekana humo kwa macho ya wengine: kama wahalifu waliojificha nyuma ya vinyago, kama raia walioonewa, au kama fungu la kura za kupiganiwa. Sauti zao wenyewe zinapatikana pale ambapo mhariri aliamua kuchapa maazimio ya mkutano wao, na maazimio huandikwa na watu wachache wanaojua kuandika. Nafuu ni kwamba kuna hifadhi nyingine ya bure, NYS Historic Newspapers, yenye magazeti mengi ya wilaya za mashambani za jimbo hilo, na ninapendekeza zitumike pamoja. Chronicling America inatoa mandhari ya siasa za jimbo na za taifa. Hiyo nyingine inasogeza jicho karibu na shamba.

Pia msomaji asidhani kuwa kura hizo zilikuwa za watu wote. Katiba ya New York ya 1821 ilikuwa imewaondolea wanaume weupe karibu masharti yote ya mali, huku ikimtaka mwanaume mweusi awe na mali isiyohamishika ya thamani ya dola 250 kabla ya kupiga kura, na katika uchaguzi huohuo wa Novemba 1846 wapiga kura walikataa pendekezo la kuliondoa sharti hilo. Wanawake wa New York walisubiri hadi 1917. Kwa hiyo siku ileile ambayo wapangaji walitumia kura zao kwa ustadi kujinasua katika minyororo ya ardhi, na siku ileile ambayo katiba mpya iliyopiga marufuku mikataba ya kukodisha mashamba kwa zaidi ya miaka 12 iliidhinishwa, wengine waliambiwa wabaki nje. Magazeti yanayaweka mambo hayo mawili katika majedwali yanayofuatana, na mtu anayesoma jedwali moja na kuliruka la pili anajinyima nusu ya ukweli.

Uchaguzi wa 1847 ni mwepesi kuufuatilia, na nitaupitia kwa ufupi. Gardiner hakukaa sana katika muhula wake mpya. Katiba ya 1846 ilianzisha Mahakama ya Rufaa yenye majaji wa kuchaguliwa, naye akachaguliwa kuwa jaji Juni 1847, akajiuzulu unaibu gavana. Nafasi ikabaki wazi na kupigiwa kura Novemba. Kufikia wakati huo Silas Wright alikuwa amefariki, mwezi Agosti, na Wademokrasia walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya suala la utumwa katika maeneo ambayo Marekani ingeyapata kwa vita vyake na Meksiko. Mkutano wao wa Syracuse ulikataa kupinga kuenea kwa utumwa, na kundi lililokasirika likaenda kukutana peke yake Herkimer mwezi Oktoba. Whig kikamsimamisha tena Hamilton Fish, na safari hii akashinda, akamwangusha Nathan Dayton. Mwaka mmoja baadaye akachaguliwa kuwa gavana, na tangu 1869 hadi 1877 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Ulysses Grant. Mtu aliyekataliwa na wapangaji kwa nafasi ya pili ya jimbo akaja kuwa mmoja wa mawaziri wa nje wanaosifiwa zaidi katika historia ya nchi yake. Naye Gardiner alikuwa bado jaji wa Mahakama ya Rufaa ilipobatilisha, mwaka 1852, lile sharti la robo ya bei.

Anayependa kuendelea na chaguzi nyingine za manaibu gavana atakuta mlango wazi. Louisiana, Aprili 1868, ilimchagua Oscar Dunn, mtu mweusi wa kwanza kuwa naibu gavana wa jimbo lolote la Marekani. Alifariki Novemba 1871, nafasi yake ikachukuliwa na P. B. S. Pinchback, ambaye Desemba 1872 alikaimu ugavana kwa wiki chache na kuwa gavana mweusi wa kwanza nchini humo. Gazeti la Pinchback mwenyewe, lililochapwa New Orleans, limo katika hifadhi hii, na humo kuna sauti ya ndani ambayo kwa wapangaji wa Hudson tunaikosa. New York ilirudia uchaguzi wa kujaza nafasi ya naibu gavana mwaka 1943, baada ya Thomas Wallace kufariki na mahakama kuamuru kura ipigwe, na habari zake zinaweza kufuatwa kwa mbali katika Evening Star la Washington. Hifadhi inaishia mwaka 1963. Kwa hiyo atakayetaka habari za California, ambako mwaka 1978 Jerry Brown wa Democratic alichaguliwa gavana na Mike Curb wa Republican akawa naibu wake, kisha Curb akawa anatumia madaraka ya gavana kila Brown alipotoka nje ya jimbo, atalazimika kutafuta pengine. New York yenyewe iliunganisha kura ya gavana na naibu kuanzia uchaguzi wa 1954, na kwa hiyo mchezo wa 1846 hauwezi kurudiwa huko katika uchaguzi mkuu.

Sisi tuliomwona Makamu wa Rais akiapishwa kuwa Rais Machi 2021 tuna sababu ya kulisoma suala hili la nafasi ya pili kwa uzito, na ningependa siku moja kuona kurasa za Mambo Leo, Ngurumo na Uhuru zikipatikana kwa mtindo huuhuu: ukurasa mzima, tarehe kamili, bila ada, na utafutaji wa Kiswahili. Nikiulizwa kama Chronicling America inafaa kwa msomaji wa Dodoma, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba awe na Kiingereza cha kutosha, kwa maana maelekezo yote na magazeti karibu yote ni ya lugha hiyo, na awe tayari kusoma polepole.

Utaratibu wa kusoma ninaoupendekeza ni huu. Aanze na matoleo ya Tribune ya Oktoba 1846 ili azoee majina na makundi. Asome ya wiki mbili za kwanza za Novemba pamoja na Herald bila kuruka siku, maana hapo ndipo Young na Fish wanapoachana. Aende Januari 1847, Young alipowasamehe wafungwa wa mgogoro wa pango. Apitie Juni kwa ajili ya majaji. Kisha amalizie Septemba hadi Novemba 1847. Majedwali ya mwisho huchapwa wiki kadhaa baada ya kura, kwa hiyo asifunge kazi Novemba. Desemba nayo ina kurasa zake.